Fuvu la Kisimani

Kuna jina la utani ambalo mtu hulivaa kama kofia, na kuna lile analolibeba kama mzigo wa kuni. Mchora vibao wa mtaa wa kisimani amepata yote mawili. Kwa miaka mingi aliitwa Herufi, na alipoitwa hivyo shingo ilirefuka. Siku hizi anaitwa Huenda. Hilo nalo huliitikia, lakini kwanza hutazama chini, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

Enzi za Herufi zilikuwa enzi za watu. Kabla ya mashine hizi zinazotema maandishi kwenye turubai kama mlevi anavyotema maneno, kila jina lililoonekana barabarani lilikuwa limepita kwenye mkono wa mtu. Mwenye duka alikuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi, akaulizwa habari za nyumbani, na maneno ya kuandikwa yakafuata baadaye sana. Leo kijana anatuma maneno kwa simu, jioni anachukua turubai lenye makosa, jua linalipausha kabla mwezi haujaisha, naye hata hashtuki. Anachapisha jingine lenye makosa mapya.

Herufi alipiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki. Aliuvuta, akauachia, tap! Ubao ukabaki na mstari ulionyooka kuliko tabia za wengi. Alijua kwamba herufi S ni mkaidi, haitaki haraka. Alijua kwamba O ikichorwa kimo sawa na wenzake huonekana mtoto, kwa hiyo huongezewa nafasi kidogo juu na kidogo chini. Nani anayajua hayo leo? Mashine haijui, na anayeibonyeza mashine hajui kama hajui.

Mzee aliyemfundisha kazi alimwachia kanuni moja tu: "Kibao kinasomwa na mtu anayetembea, na mtu anayetembea hana nafasi ya lakini." Herufi akawa mchoyo wa maneno. Mwenye hoteli aliyetaka kuandikiwa "Karibuni sana wateja wetu wapendwa mpate chakula kizuri" alitoka na CHAKULA SAFI, na alipolalamika akaambiwa, "Hayo mengine wataambiwa na pua zao."

Aliyempeleka kwa mzee huyo alikuwa dada yake mkubwa. Baba yao alifariki Herufi akiwa bado anavaa kaptula iliyotoboka makalio, mama alikuwa ametangulia, na dada akawa baba, mama na fimbo. Alibeba maji ya kisima kuwapelekea watu majumbani mpaka utosi ukaota sugu, ili mdogo wake apate kushika brashi. Yeye mwenyewe hakujua kusoma. Hata hivyo, kila kibao kipya kilipotundikwa alikwenda kukitazama, mikono nyuma, kichwa upande.

"Siwezi kukisoma," alikuwa akisema, "lakini najua hiki ni chake. Mkono huu haunidanganyi."

Watu walicheka. Herufi hakucheka. Hiyo ndiyo sifa aliyoishi kwayo.

Sasa, mwaka ule mvua ilinyesha kama iliyokuwa na kisasi. Choo cha nyumba iliyo juu ya kisima kikabomoka, na maji machafu yakashuka mteremko. Ndipo binti wa afya alipofika kibandani kwa Herufi. Hivyo ndivyo mtaa ulivyomwita afisa afya mpya, msichana mwembamba, viatu vimejaa matope, na mwenye tabia mbaya, kwa maoni ya mtaa, ya kusema "sijui" mbele za watu. Aliyemtangulia hakuwahi kusema sijui hata siku moja. Alisema kila jambo kwa sauti nzito, nusu akakosea, na akaheshimiwa mpaka siku ya kustaafu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo penye ubao mkavu. Wazee hawajambo?"

"Hawajambo, baba. Nimekuja kwa habari ya kisima." Akakaa ukingoni mwa benchi. "Nimechukua maji yake nikapeleka kupimwa. Majibu hayajarudi. Huenda uchafu wa choo umeingia, huenda haukuingia. Nataka kibao kiwaambie watu hivyo hivyo. Kwamba hatujui bado. Kwamba waendelee kuchota, lakini wachemshe. Na wasikimbilie kijito, maana kile sina shaka ni kichafu. Ng'ombe wanaogeshwa mle."

Herufi akacheka taratibu, kicheko cha mtu mzima anayemwona mtoto akivaa viatu vya baba yake.

"Hiyo ni hotuba, mwanangu. Mtu ana ndoo kichwani, mtoto mgongoni, unataka asimame asome hatujui?"

"Hasa hilo, baba."

"Watu wakisikia hujui, wanasikia hakuna kitu. Watakunywa tu."

"Na nikisema najua, kumbe sijui, siku ya pili hawatanisikia kabisa."

"Haya, nimekusikia. Niachie mimi."

Niachie mimi ya fundi ina pacha wake, naye anaitwa kesho. Binti alikuwa mgeni, hakuwajua mapacha hao. Akashukuru, akaenda zake.

Herufi alijaribu, ni haki kulisema hilo. Alipiga mistari, akayapanga maneno kwa chaki: tunachunguza, hatujui bado, huenda, chemsheni, msiende kijitoni. Ubao ulikuwa mdogo. Herufi zikawa kama sisimizi wanaohama. Akarudi nyuma mpaka ng'ambo ya barabara, akakaza macho, asione kitu. Kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na cha Herufi na ambaye mdomo wake ni mkali kuliko wembe, akamuuliza kama anaandika kibao au wosia.

Neno hilo lilimchoma. Akachukua kitambaa, akafuta. Akafuta huenda, akafuta hatujui, akafuta kuchemsha na kijito, mpaka ubao ukawa mtupu na moyo ukatulia. Halafu akaandika HATARI kwa rangi nyekundu, na chini yake SUMU, na katikati, kwa rangi nyeupe aliyoichunga kama maziwa ya mtoto, akachora fuvu la mtu na mifupa miwili iliyopishana.

Lilikuwa fuvu zuri. Hilo ndilo linalouma mpaka leo. Matundu ya macho yalikuwa na kina, meno yalipangana moja moja, na kivuli chini ya taya kilimfanya mtazamaji aguse taya lake mwenyewe. Kibao kilipotundikwa kisimani, watu walikuja kukitazama kama wanaotazama bibi harusi.

"Mzee, umeniharibia biashara," alisema kinyozi. "Umeleta mteja asiyehitaji kunyolewa."

Dada naye alifika, ndoo mkononi. Uzee ulikuwa umempunguza kimo lakini bado alichota maji yake mwenyewe. Akasimama, kichwa upande.

"Ni chako," alisema.

"Ni changu, Dada."

"Na safari hii nimekisoma!" Akacheka mpaka pengo likaonekana. "Maisha yangu yote, ndiyo mara ya kwanza nimesoma kibao chako peke yangu. Kinasema nikinywa hapa, nakufa."

Akageuza ndoo yake tupu, akaondoka. Herufi alimsindikiza kwa macho, kifua kimejaa. Hakumuuliza anakwenda kuchota wapi.

Binti wa afya alikuja kukiona kibao siku iliyofuata. Alisimama mbele yake kwa muda, kisha akaenda kibandani.

"Baba, hili silo tulilokubaliana."

"Limefanya kazi, au halikufanya? Hakuna aliyegusa kisima."

"Hilo ndilo linalonitisha. Wamekwenda wapi?"

"Watu hawakosi pa kwenda."

"Tafadhali, baba, kirekebishe. Ongeza kuchemsha. Ongeza kijito. Na useme hatujui."

"Kesho, mwanangu."

"Kesho kweli?"

"Kesho."

Kesho kukanyesha. Kesho ya pili rangi ikawa imeganda koponi. Kesho nyingine akapata kazi ya mlango wa duka. Yote yalikuwa kweli na yote yalikuwa uongo, kwani kila asubuhi alipopita kisimani na brashi mfukoni alilitazama lile fuvu, na mkono ukakataa. Nani apake rangi juu ya kitu kizuri kama kile ili aandike hatujui?

Watu walikuwa kijitoni. Ukiwasikiliza, walikuwa na akili zao timamu. Kisima kina fuvu, kijito hakina. Serikali ikijua mahali pabaya inaweka kibao, basi pasipo na kibao ni pazuri. Kuchemsha? Aliyezoea kuchemsha maji ya kisima aliona huku ni kupoteza kuni bure. "Sumu haichemshwi ikaisha," alisema fundi cherehani, mwanamke mwenye sauti ya kukata kitambaa, "na hapa hakuna sumu. Tazama yanavyokimbia. Maji yanayokimbia hayakai na ugonjwa." Wakayanywa mabichi.

Kuhara kulianza kwa watoto, kukapanda kwa wazee. Zahanati ikajaa, mikeka ikatandikwa kwenye baraza. Hakufa mtu, Mungu ana huruma kuliko wachora vibao. Lakini Dada alibebwa kwenye kiti, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Mifupa ya uso wake ilikuwa imejitokeza. Herufi alipoinama kumtazama, aligundua amekwisha kuuona uso huo. Alikuwa ameuchora.

Akakaa pembeni, akimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko.

"Usilie," Dada alisema kwa sauti ya karatasi. "Ningekufa zamani, kama si kibao chako. Wenzangu walisita. Mimi nikawaambia, huyu ni mdogo wangu, mkono wake haudanganyi, twendeni kijitoni. Wakanifuata."

Kijiko kikagonga meno yake. Herufi akafungua mdomo aseme, akaona mgonjwa wa mkeka wa pili anawatazama, akaufunga.

Mkutano uliitishwa kwenye uwanja wa shule, saa za mchana. Zamani mkutano ulikuwa mahali pa kusikilizana, mtu akasimama, akasalimia, akamaliza hoja yake, akakaa. Siku hizi ni mahali pa kuzomea. Mwenyekiti wa mtaa alimpa binti wa afya nafasi, na kabla hajafika katikati ya salamu, fundi cherehani alikuwa amesimama.

"Mlituambia kisima ni sumu, tukaenda kijitoni. Sasa kijito kinatuua. Mnataka tulambe umande?"

"Mama, naomba nieleze. Sikusema kisima ni sumu. Nilisema hatujui."

"Hatujui!" Uwanja mzima ukacheka. "Amesoma miaka yote hiyo ili aje kutuambia hajui!"

"Majibu ya kwanza yamerudi," aliendelea. "Hayakuonyesha uchafu. Lakini kipimo kimoja hakitoshi, maji ya ardhini huchelewa kusafiri. Nimepeleka tena. Kwa hiyo leo pia, nikisema ukweli, hatujui. Chemsheni."

"Kwa hiyo kisima ni kizima?" alidakia kinyozi. "Jana sumu, leo kizima, kesho dawa?"

"Sikusema ni kizima."

"Na lile fuvu liliagizwa na nani? Na jini?"

Wakacheka tena. Binti wa afya hakucheka. Aligeuza uso polepole, akapitisha macho juu ya vichwa vya watu mpaka yakamfikia Herufi, aliyekuwa amesimama nyuma karibu na nguzo ya goli. Yakatulia hapo. Hayakuwa macho makali. Yalikuwa macho ya mtu anayemshikilia mwenzake mlango.

Ilikuwa ni kusema tu: mimi. Neno fupi, linalotosha kwenye kibao chochote. Yeye mchoyo wa maneno alikuwa na neno moja la kutoa, akashindwa. Alitazama kucha zake. Rangi nyeupe ilikuwa imekaukia chini ya kucha za mkono wa kulia, haikuwa imetoka tangu siku ile. Akaukunja mkono, akautia mfukoni. Alipoinua kichwa, binti wa afya alikuwa ameshageuka, na mtu wa mbele alikuwa akipiga kelele kwamba aondolewe, waletewe mtu anayejua.

Kinyozi aliyesimama kando yake alimpiga bega. "Walau wewe kazi yako ulifanya, Herufi. Lile fuvu lilieleweka."

Hakuna tusi ambalo lingemwingia kama sifa hiyo.

Dada aliruhusiwa kurudi nyumbani. Nguvu za miguu hazikurudi zote, alitembea kwa kushika ukuta. Chumba chake ni kile kile alichomlelea mdogo wake, kitanda, stuli, beseni, na nyuma ya mlango ubao wa kwanza kabisa aliouandika Herufi akiwa mwanafunzi, herufi zimelala kama walevi. Herufi akakaa kwenye stuli, akausema ukweli wote bila kumtazama: alivyoambiwa, alivyofuta, alivyosema kesho.

Dada alikuna goti.

"Kwa hiyo yule binti alisema tusiende kijitoni."

"Alisema."

"Na wewe uliufuta mdomo wake kwa kitambaa."

"Ndiyo, Dada."

"Kwa nini?"

Alitaka kusema ubao ulikuwa mdogo. Alitaka kusema kanuni ya mzee. Akasema, "Haikupendeza."

Dada akatikisa kichwa. "Mimi usiniombe msamaha. Wewe nilikusamehe ungali unakojoa kitandani. Wapo niliowaongoza kijitoni kwa mdomo wangu, nikiapa kwa mkono wako. Hao nitawaambiaje? Ondoka. Nenda kwa yule binti kwanza."

Alimkuta ofisini, anapanga vitu vyake kwenye boksi. Alikuwa amehamishwa, mtaa ulikuwa umepata ulichokitaka. Herufi alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaanza kusema, na maneno yakagoma. Binti ndiye aliyemsaidia.

"Najua, baba. Nilikiona kibao."

"Kwa nini hukunitaja pale uwanjani? Ungenitaja wangenigeukia mimi."

"Nilikuwa nakungoja."

Hakulisema kwa hasira. Akafunga boksi kwa kamba, akaongeza, "Na mimi ninalo langu. Siku ile ile ningeweza kukishusha. Niliwaza, acha kiwatishe kidogo, si vibaya. Nikasahau kwamba mtu akitishwa hakimbilii unakotaka wewe." Akampa mkono. "Majibu ya pili bado. Usiwaambie zaidi ya hapo, na usiwaambie pungufu."

Asubuhi ya pili yake Herufi alikwenda kisimani na makopo yake, saa ambayo wanawake wamejaa. Hakukishusha kibao kwenda kukifanyia kazi kibandani, kama fundi anayejiheshimu. Alikipaka pale pale, hadharani. Alianza na fuvu. Rangi ya msingi ilipolifunika jicho la kwanza, aligeuza uso kando kama mtu anayefunika maiti ya ndugu.

"Herufi, unafuta? Nani kakutuma?" aliuliza fundi cherehani.

Akageuka, brashi inadondosha. "Hakuna aliyenituma. Binti wa afya aliniambia niandike kwamba hatujui, mchemshe, msiende kijitoni. Niliyafuta yote. Sumu niliileta mimi. Uwanjani mlipomzomea nilikuwepo, nikanyamaza."

Ndoo moja ilitua chini kwa kishindo. Kisha fundi cherehani akacheka, kicheko kisicho na furaha ndani yake. Mtoto wake alikuwa amelala siku nyingi kwenye baraza la zahanati. "Na sasa maji haya ni mazuri?"

"Huenda."

"Huenda!" Akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Huyo ndiye Huenda!"

Jina likashika hapo hapo, kabla rangi haijakauka. Watoto wakalichukua, kinyozi akalipigia chapuo, na kazi za vibao zikaenda kwa wenye mashine, ambako zilikuwa zikienda hata hivyo.

Kibao kipya hakina uzuri wowote. Maneno yamebanana, mstari wa mwisho umepanda juu kwa kukosa nafasi. Ubavuni, kwa ajili ya wasiosoma, kuna sufuria juu ya moto, na mvuke. Hatujui haichoreki. Alijaribu kwa chaki siku nzima, akachora jicho, akachora mkono uliofunguliwa, ikashindikana. Kwa hiyo kila asubuhi anakaa kwenye jiwe kando ya kisima, na kila asiyejua kusoma akifika anamwambia kwa mdomo, neno kwa neno kama lilivyosemwa. Wengine humsikiliza. Wengine humwambia, "Umeshasema, Huenda," wakachota na kupita.

Dada alichelewa kurudi kisimani. Alikuja siku moja akishika ukuta, kisha uzio, kisha hewa, ndoo ndogo ya mtoto mkononi. Akasimama mbele ya kibao, kichwa upande, kama zamani. Akatazama sana. Akazitazama herufi zilizosongamana, mstari uliopinda, sufuria iliyokaa kombo.

"Hiki si chako," alisema.

Herufi aliinuka kwenye jiwe. Wanawake walikuwa wanasikiliza.

"Ni changu, Dada."

Akakitazama tena, kisha akamtazama mdogo wake, kama mtu anayelinganisha vitu viwili vilivyokuwa vimefanana.

"Basi nisomee," alisema, akatua ndoo yake chini.

Akamsomea.